Kikapu cha Donna Carmela

Saa nne asubuhi kikapu kilining'inia ghorofa ya nne, hakikushuka. Chini, uchochoroni Naples, Nafissatou alisubiri, tumbo la miezi minane mbele. Nusu saa tu iliyopita Donna Carmela alimwambia kwa simu nyumba ipo, aje ateremshiwe funguo.

"Imeshachukuliwa, binti!" sauti ya Donna Carmela ikatoka juu.

"Na nani, jamani? Nitajifungulia kwenye kochi la rafiki?"

Ng'ambo ya uchochoro Titina, mpelelezi wa chama cha wapangaji, aliona yote. Akamtuma mwenzake Rosaria, mweupe pee, aombe nyumba ileile. Kikapu kikashuka na funguo ndani. Titina akazichukua, akapanda ngazi kuzirudisha, uso kaukunja.

"Bibi, humpangishi mtu mweusi?"

"Mweusi yupi? Mwanangu, kutoka hapa hata paka simwoni." Donna Carmela alikuwa akiliambia koti lililotundikwa mlangoni. Titina alikuwa amesimama dirishani.

Loo! Nani basi aliyemwonea? Titina akakumbuka: mara zote mbili, bawabu mzee don Ciro ndiye aliyeshika ncha ya kamba ya kikapu huko chini mlangoni. Kwa Rosaria aliivuta mara mbili. Kwa Nafissatou, moja.

Akashuka, akamwagiza mzee kahawa. Alipoondoka, Titina akamwambia Nafissatou avute kamba mara mbili. Kikapu kikashuka na funguo.

Don Ciro alirudi na vikombe, akamkuta mama mjamzito kazishika. Kahawa ikamwagika.

"Mbili ni wa kwetu," Titina akasema. "Moja je?"

"Moja... hafai."

"Bibi ndiye aliyekutuma?"

"Alitaka nimchagulie watu wazuri tu. Rangi nilichagua mimi." "Ujana wangu nilifukuzwa milangoni kule Torino, kaskazini, eti mtu wa kusini. Nililala stesheni. Nikaja kumfanyia mwingine yaleyale, nisije nikaambiwa nimejaza jengo watu wa hovyo. Naona haya, Titina."

"Ciro!" Donna Carmela akalia huko juu. "Nami sikukuuliza hata siku moja, Mungu wangu!"

Nafissatou, funguo mkononi, alimkabili mzee.

"Wa kuvutiwa kamba mara moja tulikuwa wangapi?"

Don Ciro akaviweka vikombe chini.

"Sikuwahesabu, binti."

Nafissatou akaanza kupanda kwenda nyumba yake mpya, akipumzika kila ghorofa. Mzee alitamani kumshika mkono, asithubutu.