Maji ya Korongoni

Zipora na mumewe Matonya waliishi kwenye nyumba ya tembe nje kidogo ya mji wa Dodoma, enzi za utawala wa Wajerumani. Walilima na kufuga ng'ombe. Reli ilipofika, wageni wengi walijenga jirani nao. Wote walichota maji korongoni, kwa kuchimba mashimo mchangani.

Msimu mmoja wa mvua, watoto walianza kuhara damu. Mtoto wa jirani alifariki. Kisha Ruthu, binti wa Zipora, akaugua.

"Wageni wametuletea uchawi," alisema Matonya.

Zaitun, mama mmoja kati ya wageni hao, kutoka Kondoa, alikuja kumtazama mtoto. Aliwahi kuuguza wagonjwa katika kambi ya wajenzi wa reli.

"Dada Zipora, mnajisaidia wapi?"

"Vichakani, ukingoni mwa korongo. Tangu zamani."

"Zamani mlikuwa kaya chache. Sasa sote tunakwenda huko huko. Mvua ikinyesha, uchafu unashuka kwenye maji. Ng'ombe nao wanakanyaga humo humo. Kambini tulizika wengi. Tulipochimba vyoo na kuchemsha maji, ugonjwa ukapungua."

"Na Ruthu je?"

"Mpe maji yaliyochemka na uji mwepesi. Kidogo kidogo, usichoke."

Zipora alimnywesha mtoto. Mtoto alipolala, Zipora alimwachia Zaitun, akachukua jembe. Akaanza kuchimba choo nyuma ya nyumba, mbali na korongo.

"Ardhi hii ngumu kama jiwe," alisema Matonya. "Utaiweza?"

"Sitamzika mwanangu huku nina mikono."

Mpini ulivunjika. Zipora akatia mwingine, akaendelea. Viganja vyake vilitoka malengelenge. Matonya alimtazama, kisha akashuka shimoni, akampokea jembe.

Choo kilipokwisha, walichimba kisima kipya upande wa juu wa korongo. Wakakizungushia miiba. Wafugaji walikasirika.

"Unatufungia maji?"

"Ng'ombe wangu mwenyewe nimewapeleka chini, kwenye mashimo ya zamani," alijibu Matonya. "Wenu nao waende huko. Hapa watakunywa watoto."

Walinung'unika, lakini wakaswaga mifugo yao chini. Ruthu alipoanza kutembea tena, majirani walikuja kumwona, na Zaitun akawaonyesha mahali pazuri pa kuchimba vyoo vyao.

Mvua zilizofuata zilikuwa kubwa. Hakuna mtoto aliyezikwa. Uwele ulipokomaa, Ruthu alikuwa shambani akifukuza ndege, na kelele zake zilisikika mpaka stesheni.