Ukurasa wa Tumpe Unabana

Sogeeni hapa, watoto. Kaeni vizuri, masikio yawe tayari. Leo namleta Tumpe.

Tumpe anasoma darasa la pili. Kwao ni Tukuyu, na huko mvua hunyesha karibu kila siku. Ta-ta-ta-ta, juu ya bati!

Mama yake ni fundi wa nguo. Cherehani yake inaimba kutwa nzima. Trrrr! Trrrr! Jamani, mama huyu anajua kushona!

Anashona sare za shule. Anashona magauni ya harusi. Lakini nguo yake mwenyewe ina kiraka begani.

Tumpe anakiona kile kiraka kila siku. Kinamuuma.

Jumatano, Mwalimu Atupele alisema, "Kila mtoto ataandika ukurasa mmoja. Tutazishona kurasa zote ziwe kitabu. Ijumaa wazazi watakuja kusikiliza."

"Nani atasoma, Mwalimu?" Tumpe akauliza.

"Rafiki yako atasoma ukurasa wako. Wewe utakaa kimya na kusikiliza." Ndivyo wanavyofanya katika darasa la Mwalimu Atupele.

Tumpe akatabasamu. Ataandika habari za Mama! Na mwisho kabisa ataandika hivi: Nikikua, nitamshonea Mama gauni jekundu.

Alitaka sana Mama ayasikie maneno hayo.

Tumpe akaanza kuandika. Krrr, krrr, krrr! Aliyabana maneno yote pamoja. Hakuacha nafasi. Hakuweka nukta hata moja.

"Mama akikata nguo, hapotezi kitambaa," alisema moyoni. "Na mimi sipotezi karatasi!"

Alhamisi walifanya mazoezi. Gwamaka, rafiki yake Tumpe, akasimama na ule ukurasa. Akavuta pumzi.

"Mamayangunifundianashonanguozawatuwotenguoyakeina..."

Mashavu yakamvimba. Macho yakamtoka. "Hhhaaaa!" Gwamaka akaishiwa pumzi. Hakufika mwisho.

Darasa zima likacheka. Hata Gwamaka alicheka.

Tumpe hakucheka. "Gwamaka hajui kusoma!"

"Najua!" akasema Gwamaka. "Wewe ndiye umenibana!"

Mwalimu Atupele hakugomba. Alipiga makofi, pa-pa, akaimba. Watoto wakaimba naye:

*Herufi kubwa, tunaanza!*
*Nukta hapo, tunapumzika!*

"Nenda na ukurasa wako nyumbani, Tumpe," akasema Mwalimu. "Usome tena, uutengeneze. Kesho asubuhi uulete."

Tumpe alifika nyumbani amenuna. Alikaa karibu na cherehani. Ukurasa aliuficha mgongoni, maana ulikuwa siri.

Itakuwaje kesho Gwamaka asipofika mwisho? Mama hatasikia habari za gauni jekundu.

"Mama," akasema, "wewe ukikata nguo, unabana vipande vyote kwenye kitambaa. Mbona mimi nikibana maneno, wananicheka?"

Trrr... Cherehani ikanyamaza. Mama akachukua kipande cha nguo.

"Angalia hapa, mwanangu. Nabana, ndiyo. Lakini pembeni naacha nafasi ya mshono. Upana wa kidole tu."

"Usipoacha?"

"Nguo inambana mtu. Hapumui!"

Tumpe akakumbuka mashavu ya Gwamaka. Akacheka mpaka akashika tumbo.

"Na ukikosea je, Mama?"

"Nafumua. Mkono huu wa gauni nimeufumua mara mbili leo."

"Wewe, Mama? Wewe unakosea?"

"Kila siku. Nafumua, nashona tena."

Tumpe alimtazama Mama kwa mshangao. Fundi hodari namna hii, na anafumua! Akampenda zaidi.

Basi Tumpe akachukua karatasi mpya. Neno, kidole. Neno, kidole. Kila baada ya neno aliacha upana wa kidole chake.

Kisha akasoma kwa sauti ndogo. Pumzi ilipotaka kupumzika, akaweka nukta. Tii! Na baada ya nukta, akaanza na herufi kubwa.

*Herufi kubwa, tunaanza!*
*Nukta hapo, tunapumzika!*

Alisoma tena. Loo, ameandika "nguo nguo", mara mbili mfululizo! Akapiga mstari juu ya moja. Alisoma tena. Sasa ukurasa haukubana.

Akanakili yote kwenye karatasi safi. Kwa mwandiko wake mnene, maneno yalijaza upande wa mbele, yakaendelea nyuma. Karatasi haikupotea bure, watoto. Hata kidogo!

Ijumaa ikafika. Wazazi walijaa darasani. Mama Tumpe aliketi kwenye dawati dogo, magoti yamegusa kidevu.

Gwamaka akasimama. Tumpe akafumba macho.

"Mama yangu ni fundi."

Pumzi.

"Anashona nguo za watu wote."

Pumzi.

"Nguo yake ina kiraka."

Pumzi.

"Nikikua, nitamshonea Mama gauni jekundu."

Gwamaka alifika mwisho! Na bado alikuwa na pumzi ya kutosha kucheka.

Tumpe akafumbua macho. Mama alikuwa ameweka mkono juu ya kiraka. Machozi yalimtoka, na huku anatabasamu.

Pa-pa-pa-pa! Watu wote wakapiga makofi. Mama Tumpe alipiga kuliko wote.

Usiku, Mama alikuja kumfunika Tumpe blanketi.

"Tumpe."

"Abee, Mama."

"Lile gauni langu jekundu. Litakuwa na mifuko?"

Ehe! Tumpe hakuwa amefikiria mifuko. Akaketi kitandani, akachukua penseli na karatasi. Akaandika: Gauni litakuwa na mifuko miwili.

Mama akasoma polepole, neno moja moja. Akafikiri kidogo.

"Mikubwa," akasema.

Tumpe akaongeza: mikubwa. Akasogeza nukta mbele kidogo, kisha akalala.