Mikono ya Pamba

Kalamu hakuwa na mikono yenye joto. Hakuwa na subira, wala hakuwahi hata siku moja kuambiwa na bibi yake, "Una mikono ya baraka." Maneno hayo yote yalikwenda kwa Pamba, binti wa baba yake mdogo, tena mdogo kwake kwa mwaka mzima. Kalamu alikuwa na mwandiko mzuri tu, ndiyo maana wakamwita hivyo. Lakini mwandiko haukandi goti.

Bibi yao alikuwa fundi cherehani. Msimu wa baridi ulipoingia, magoti yake yalikaza kama bawaba zenye kutu, akashindwa kukanyaga pedali. Kila jioni Pamba aliloweka mikono yake katika maji ya vuguvugu, akapasha mafuta, akamkanda kuanzia shavu la mguu kupanda juu, polepole, bila kubonyeza pia ya goti. Asubuhi cherehani ililia tena.

Shangazi yao, mkandaji wa zahanati, alikuwa ameomba apelekewe mmoja wao wakati wa likizo ajifunze kazi. Kalamu hakuuliza atakwenda nani, jibu alilijua. Pamba aliposifiwa, yeye alihisi kama amemeza mwiba wa samaki.

Jioni moja Pamba alichelewa kurudi kutoka shuleni. Kalamu akaona ndiyo nafasi yake. Akamimina mafuta ya baridi, kwa mikono ya baridi, akabonyeza pia ya goti kwa nguvu zote kama anayekanda unga.

"Mama yangu wee!" Bibi alipiga kelele. "Nani kakufundisha hivi?"

"Pamba," Kalamu alijibu upesi.

Pamba aliporudi, alikatazwa kugusa mafuta. Alijitetea, hakuaminiwa. Goti likavimba. Kwa siku tatu cherehani ilikaa kimya chini ya kitambaa chake.

Siku ya nne Bibi akasema, "Kalamu, chukua karatasi. Mwandikie shangazi yako kwamba utakwenda wewe."

Alichokitamani ndicho hicho! Lakini vidole vilikuwa vimekufa ganzi kwa baridi, herufi zikapinda. Pamba alitoka jikoni na bakuli la maji ya vuguvugu.

"Loweka mikono kwanza, dada. Wewe wa kuandika kama kuku anayeparura?"

Kalamu alitazama bakuli lile, machozi yakamtoka.

"Bibi, nilisema uongo. Pamba hakunifundisha. Nilimwonea wivu."

Bibi alimwita Pamba karibu, akamwomba radhi. Akamgeukia Kalamu.

"Baridi hukaza misuli, mjukuu wangu, na mkandaji huilegeza ili damu itembee vizuri. Wivu nao hukaza moyo, na huo haukandwi na mwingine. Umeulegeza mwenyewe uliposema kweli. Ila ungeulegeza siku ile ile, goti langu lisingengoja siku tatu."

"Sasa niandike nini, Bibi?"

"Unajua cha kuandika."

Pamba alipiga magoti, akaanza kumkanda Bibi taratibu, mbali na uvimbe. Kalamu alichana karatasi ya kwanza, akaandika nyingine kwa mwandiko wake bora kuliko yote: *Shangazi, shikamoo. Atakayekuja ni Pamba. Mikono yake utaipenda.* Akaikunja, akaitia katika bahasha, akalamba ukingo wake, akaubandika kwa kidole gumba, akaenda mwenyewe kuitumbukiza katika sanduku la posta.