Nukta Moja Juu ya Mlango wa Keza

Jua lilikuwa linazama Mbugangari, Mwiza akipeleka komeo jipya kwa Keza. Aliyemtuma ni mumewe, Harerimana, fundi seremala. Zamani Harerimana alitaka kumuoa Keza. Mtaa mzima ulikuwa haujasahau, na Mwiza ndiye aliyekumbuka kuliko wote.

Juu ya mlango, Harerimana alikuwa amechonga mstari wa herufi za Kiarabu, kama ule wa mlangoni kwake na Mwiza. Marehemu baba yake Mwiza, mwalimu wa madrasa, alikuwa amemfundisha bintiye siri ya mafundi: kila herufi ina hesabu yake, na ukizijumlisha zote unapata mwaka.

Akajumlisha.

1459.

Mwaka wa Kiislamu wakati huo ulikuwa 1419. Mbona miaka arobaini mbele?

"Unaangalia nini?" Keza aliuliza.

"Hakuna kitu, dada. Kazi ya bwana yangu tu."

Nyumbani akajumlisha mstari wa kwao. 1419. Maneno yaleyale, tofauti ni herufi moja. Kwao ilikuwa ye, nukta mbili chini: kumi. Kwa Keza ilikuwa nuni, nukta moja juu: hamsini.

"Ule mwaka wa kwa Keza ni ya nini?" akamnong'oneza mumewe.

Harerimana aliweka patasi chini. "Muzee moja wa Goma aliniandikia. Alisema ni mwaka bibi ya nyumba atatoka."

"Atatoka namna gani?"

"Kwa kubebwa, kwa jeneza."

"Keza ulimupa arobaini. Na mi, huu mwaka?"

Harerimana alizima taa, akageukia ukuta.

Alfajiri, Harerimana alipokwenda mpakani, Petite Barrière, kutafuta mbao, Mwiza alipanda kiti mlangoni kwao, patasi mkononi. Akazikwangua nukta mbili za chini. Akatoboa moja, juu.

Harufu ya udi ikamjaa puani. Hakuna aliyefukiza.

Kisha... krr. Krr. Krr.

Chuma juu ya mbao. Na mkono wake ulikuwa umetulia.

Kabla ya adhuhuri vilio vilisikika. Keza alikuwa ameanguka kizingitini kwake, amekufa. Mwiza alifika na wanawake wenzake, akainua macho kwenye maandishi ya mlango.

Nukta ya juu haikuwapo. Chini zilikuwa mbili, mbichi, unga wa mbao ukidondoka bado.

Yule mzee wa Goma alitafutwa. Hakuna aliyemjua.

Sasa mwaka umepita. Kila jioni Harerimana huketi mlangoni akimlilia Keza, wala hajifichi. Mwiza humwekea chakula, kikapoa. Mwenyewe ana afya nzuri. Amebakiza miaka thelathini na tisa ya kumtazama.