Marejeleo Kumi na Mawili

Kila jioni mama, ambaye ni muuguzi, alivua viatu vyake vyeupe mlangoni, akanywa chai, kisha akamwaga mezani vipande vya maboksi ya dawa. Nyuma ya kila kipande alikuwa ameandika jina la kitabu au makala, mwandishi, mwaka na ukurasa. Alikuwa akisoma chuoni na kufanya utafiti wa vidonda vya miguu visivyopona.

"Mama, chuo kizima ni wewe tu unayetunza marejeleo kwenye maboksi," mwanawe wa kiume alimtania.

"Maboksi yangu hayajawahi kutumbukia chooni kama simu yako."

Hata hivyo, msimamizi wake alitaka orodha iliyopangwa kwa kompyuta ifikapo Ijumaa. Kama ingekuwa na makosa, utafiti ungesogezwa hadi mwaka ujao. Mama akampa kazi bintiye wa miaka kumi na miwili, aliyeitwa Chiriku kwa kupenda kuongea: ajaribu programu mbili za kutunza marejeleo, achague moja, kisha alinganishe orodha na maboksi.

Programu ya kwanza ilipendeza kwa rangi. Ukiiandikia jina la makala, ilijaza mengine yenyewe kutoka mtandaoni. Ya pili ilikuwa kavu kama fomu ya zahanati, kila kitu ilikuuliza. Chiriku akaichagua ya rangi, akaingiza marejeleo yote kumi na mawili kwa robo saa, akatoka kuruka kamba.

"Umelinganisha na maboksi?" mama aliuliza Alhamisi alasiri.

"Nimelinganisha, mama."

"Haya. Kesho asubuhi naipeleka."

Mama alipoingia jikoni, Chiriku alirudi kwenye kompyuta. Akachukua kipande kimoja ajiridhishe. Mama aliandika 1994. Kompyuta ilisema 2016, mwaka makala hiyo ilipowekwa mtandaoni. Akasahihisha. Alipofunga programu na kuifungua tena, 2016 ilikuwa imerudi.

Angeweza kunyamaza. Badala yake alikusanya vipande vyote, akaenda jikoni.

"Mama, nilikudanganya. Sikulinganisha hata kimoja."

Mama aliweka kisu chini. "Yamekosewa mangapi?"

"Sijui. Ndiyo maana nimekuja na maboksi."

Waliketi, Chiriku akisoma, mama akifuata kwa kidole. Manne yalikuwa na makosa. Wakaingiza yote upya kwenye ile programu kavu, na kila walichokiandika humo kilibaki vilevile.

Ijumaa mama alirudi akitabasamu. "Msimamizi amefungua vitabu vitatu mbele yangu, akatafuta kurasa. Zote amezikuta. Orodha imepita, utafiti hausogezwi tena."

"Kwa hiyo ile ya rangi ni mbaya?"

"Ilikosea, na wewe hukuiangalia. Wodini simpi mgonjwa dawa kwa sababu chupa inapendeza. Nasoma lebo, nasoma cheti cha daktari, ndipo nafungua kifuniko. Kompyuta itakupangia hata uongo ukapendeza, mwanangu. Kuhakiki ni kazi yako, na ukisema umehakiki, uwe umehakiki kweli."

Chiriku alikuwa na insha ya shule ya kuandika. Akachana boksi tupu, akaandika nyuma yake jina la kitabu, mwandishi, mwaka na ukurasa, kisha akafungua kitabu kuuhakiki ukurasa huo.

"Sasa mmekuwa wawili," kaka yake akaguna.