Mtoto Anayejibu

"Bénie, umefua nguo za safari?" Nsimire aliuliza kutoka jikoni.

"Nimefua na kuanika, mama."

Kisu kikasimama kwenye kiazi. Kwa miaka tisa ya kuishi ugenini, pale Minto, binti yake alielewa kila neno la Kiswahili, na kila neno alilijibu kwa Kiingereza. Nsimire akaendelea kumenya. Kazi ya ghalani kule Ingleburn ilikuwa imemmaliza mgongo, na hakuwa na nguvu ya kuchunguza neema. Ziara ya shule ya Japani imemfunza adabu, akajiambia. Hata kwa simu aliyoipoteza pangoni huko hakumgombeza sana.

Nguo hazikukauka. Kwa siku tatu za jua kali ziliendelea kudondosha maji, na chini yake, juu ya saruji, kikaota kitu cheupe, kigumu, kama jino. Nyumba ikanuka udongo wa shimoni. Chumbani kwa Bénie, kusiko na bomba, kitu kilidondoka: to. To.

Jumamosi mchana Nsimire akamwita Pasta Rénovat kutoka Toongabbie. Pasta alimwekea msichana mkono kichwani, akaomba kidogo, akauondoa kama aliyeshika barafu. Akamvuta Nsimire nje.

"Nimemwamuru atoke," akanong'ona. "Ananiuliza kwa upole, atoke wapi? Anasema hajaingia ndani ya mtu. Mwili ni wake."

"Na mtoto wangu?"

"Anasema ulichagua mwenyewe. Ulisema nini, Mama Bénie?"

Nsimire alikumbuka. Siku ile ya ziara ya shule, Bénie alimpigia kwa video, akamwonyesha uwanda wa nyasi uliojaa mawe ya chokaa, kisha mdomo wa pango lililo chini yake, na Nsimire, aliyekuwa kwenye mapumziko ya dakika kumi, miguu ikimuwaka, aliposikia Kiingereza tena akafoka kwamba mtoto wake ni yule anayemjibu kwa Kiswahili, na kabla Bénie hajafungua kinywa, sauti nyuma ya mawe ikasema, niko hapa, mama, na yeye akacheka, akakata simu, akarudi kazini.

Pasta aliondoka bila kunywa chai. Nsimire akajifungia bafuni, akapiga namba ya ile simu iliyopotea, akaikosea mara mbili, kisha ikaita, ikaita, ikapokelewa, na ndani yake maji yalikuwa yakidondoka mahali papana sana.

"Mum?" Kisha Bénie akasema, kwa Kiingereza, kwamba kuna giza, kwamba wenzake wameondoka, kwamba anaita na hakuna anayemsikia.

"Nijibu kwa Kiswahili, mwanangu. Upesi."

Akajibu, bado kwa Kiingereza, kwamba hajui aseme vipi. Hakuna aliyewahi kumfundisha.

"Sema nami: niko hapa, mama."

"Ni... niko..."

"Niko hapa, mama," ikasema sauti nyuma ya mlango wa bafuni, safi, bila kukosea hata herufi. Simu ikakatika. "Toka ule. Viazi vimeiva."