Mize na Pete ya Joto

Sogeeni karibu, watoto, na masikio yenu njooni nayo. Leo tunakwenda chini ya bahari.

Huyu ni Mize. Mize ni bakteria. Ni mdogo mno, hata ukikodoa macho mpaka yachoke, hutamwona.

Mize anaishi juu ya Bibi Tumbawe. Bibi Tumbawe ni mnyama wa baharini. Ana matawi mengi, na ngozi yake ina ute mtamu. Mize na majirani zake hula ute huo.

Lakini hawali bure. Jua likiwa kali, sumu hujaa mwilini mwa Bibi. Wao huifagia.

Chwa, chwa, chwa.
Wadogo ni sisi, kazi hatuachi.

Siku moja maji yakapata moto. Yakazidi kuwa moto. Majirani wakalegea, na Mize akalegea. Hakuna aliyefagia.

Bibi Tumbawe akaanza kuwa mweupe. Weupe ulianzia kwenye ncha za matawi, ukateremka chini.

"Mjukuu wangu," akasema polepole, "nikiwa mweupe wote, nitakufa."

Mize akaogopa sana. Alimpenda Bibi yake.

Mara wimbi likamleta mgeni. Chubwi.

"Hodi," akasema mgeni. "Mimi naitwa Shaame. Nimetoka kwenye dimbwi la ufukweni. Wimbi limenizoa, na nina njaa."

"Hapa pamejaa," wakasema majirani. "Pita mbele."

Majirani hao walikuwa wamelala chali kwa joto. Nguvu za kufagia hawakuwa nazo, ila za kufukuza mtu walikuwa nazo.

Bibi Tumbawe akanong'ona, "Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Mize akasikia. "Karibu, Shaame," akasema. "Karibu chakula."

Shaame akauma ute. Ute ukamshinda.

"Huu sijui kuula," akasema kwa haya.

Mize alikuwa na jeni ya kula ute. Jeni ni maagizo madogo yaliyo ndani ya mwili. Humwambia bakteria namna ya kufanya jambo.

"Nikimpa jeni yangu, mimi nitakula nini?" Mize akawaza.

Shaame alikuwa anatetemeka kwa njaa. Mize akaona vibaya kushiba peke yake.

Akanyoosha mrija mwembamba, akamgusa Shaame. Nyuuu. Jeni ikapita.

Mize akajipapasa. Jeni yake ipo. Shaame naye anayo. Moja imekuwa mbili.

Shaame akala, akashiba, akacheua kidogo.

"Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu," akasema. "Dimbwi letu huwa moto sana kila maji yakipwa. Sisi tuna pete ya joto. Nami nikupe."

Pete ya joto ni jeni pia, jeni zilizojikunja duara, za kumsaidia bakteria kustahimili joto.

Shaame akanyoosha mrija. Nyuuu. Pete ikapita.

Mize akasimama wima. Maji ni yale yale, moto ni ule ule, lakini Mize amesimama. Akaanza kufagia.

Chwa, chwa, chwa.
Mdogo ni mimi, kazi siachi.

Bibi alikuwa mkubwa, na Mize alikuwa peke yake. Basi akaenda kwa majirani.

"Hodi, jirani. Pokea pete. Mimi sipungukiwi."

Nyuuu. Jirani akasimama. Akampa jirani yake. Nyuuu. Yule naye akampa wa pili wake. Nyuuu, nyuuu, nyuuu. Tawi zima likasimama, kisha matawi yote ya Bibi.

"Shaame, utusamehe," wakasema majirani. "Tulikufukuza, na dawa unayo wewe."

"Nimeshashiba, sina hasira," akasema Shaame. "Haya, tufagie."

Chwa, chwa, chwa.
Wadogo ni sisi, kazi hatuachi.

Jua likawaka, wakafagia. Likazidi kuwaka, wakafagia. Mwisho jua lenyewe likachoka, na maji yakapoa.

Rangi ikaanza kurudi, siku kwa siku, tawi kwa tawi. Iliporudi mpaka kwenye ncha, Mize akapiga vigelegele. Bahari nzima ilifurahi, na mimi ninayesimulia nimefurahi.

Jioni Bibi Tumbawe akawafunika wote kwa ute laini.

"Laleni, wajukuu zangu," akasema.

"Na mimi, Bibi?" akauliza Shaame.

"Na wewe, mjukuu wangu. Lala. Bibi yako nipo."